Namna ya Kusoma Picha ya Mawindo ya Kifalme ya India

Mtu anayeonyeshwa kwa mara ya kwanza picha ya mawindo iliyochorwa katika kasri za India humtafuta mfalme. Humpata upesi, kwa kuwa mchoraji alilipwa ili apatikane upesi: yupo juu ya farasi au tembo, kilemba hakijalegea, uso umegeuzwa ubavu, na mkono wenye silaha umenyooka kama usiojua kutetemeka. Akishamwona, mtazamaji hudhani amekwisha kuiona picha, akapita kwenda nyingine. Mwongozo huu unashauri mwendo wa kinyume. Anza na mnyama, uende kwa watu wadogo walio pembezoni, kisha umfikie mfalme mwishoni, ukiwa umekwisha kujua ni mambo gani yalihitajika ili yeye apate kuonekana pale katikati.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mfalme alikuwa na itifaki yake hata ndani ya karatasi. Uso wake ulichorwa kwa namna iliyokubaliwa, mavazi yake yalitangaza cheo, na mchoraji hakuwa na ruhusa ya kumwonyesha akihema, akiogopa au akikosea shabaha. Mnyama hakuwa na itifaki. Hapo mchoraji alikuwa huru kuonyesha alichokiona kwa macho yake: misuli iliyokaza, jicho linalotafuta njia ya kutokea, kwato zinazoteleza juu ya mawe. Mara nyingi nimeona kwamba sehemu iliyo bora kuliko zote katika picha ya namna hii ni mwili wa mnyama mmoja aliyewekwa kando.

Jambo la pili la kukumbuka kabla hujaanza ni kwamba mawindo hayo yalikuwa kazi ya dola. Abu'l Fazl, aliyeandika habari za mfalme Akbar wa milki ya Mughal, anaeleza kwamba mfalme alitumia safari za mawindo kuchunguza hali ya raia na ya jeshi bila kutangaza kuja kwake. Msafara wa mawindo ulikuwa na askari, mahema, makarani na wapishi. Uliweza kupita katika jimbo lenye mtawala mdogo aliyeanza kuota pembe, naye akaelewa ujumbe bila kuandikiwa barua. Kwa hiyo unapotazama swala aliyechomwa mshale, unatazama pia jambo la utawala.

Chagua picha moja

Usianze na picha kumi. Chagua moja, ukae nayo nusu saa. Kwa anayeanza, ninapendekeza zile za Akbarnama, kitabu cha habari za Akbar, ambazo 116 kati yake zipo katika makumbusho ya Victoria and Albert jijini London tangu mwaka 1896. Zilichorwa katika karakana ya mfalme mnamo miaka ya mwisho ya 1580 na mwanzo wa miaka ya 1590, na makumbusho hayo yameziweka kwenye tovuti yake, ambako unaweza kuzikuza hadi ukaona unywele mmoja mmoja wa brashi. Kila picha ina ukubwa unaokaribia karatasi ya A4. Haikukusudiwa kutundikwa ukutani itazamwe kwa mbali. Ilikuwa ya kufunguliwa kitabuni, jicho likiwa karibu, kama msomaji anavyoinamia kitabu kilichowekwa juu ya marufaa. Ukitumia simu, gawa picha katika robo nne na uikuze robo moja baada ya nyingine, maana ukiitazama nzima kwenye kioo kidogo utaona vurugu tu.

Baadhi ya matukio makubwa yamechorwa katika kurasa mbili zinazotazamana. Hapo kumbuka kwamba kitabu hiki kimeandikwa kwa Kiajemi, kwa herufi zinazokwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyesoma chuo cha Kurani hatapata taabu: ukurasa wa kulia ndio wa kwanza, na jicho linapaswa kuingia kutoka upande huo.

Shuka kisha hadi ukingo wa chini. Katika picha nyingi za kitabu hiki utakuta maandishi madogo ya wino mwekundu yanayotaja majina ya wachoraji na kazi ya kila mmoja. Neno tarh hutangulia jina la aliyesanifu mpangilio wa picha. Neno amal hutangulia jina la aliyepaka rangi, na neno hilo halihitaji kutafsiriwa kwa msemaji wa Kiswahili, kwa kuwa ni lilelile tulilolichukua kutoka Kiarabu tukaliita amali. Kwa hiyo picha moja ina mikono miwili au mitatu. Mchoraji mwandamizi alipanga nani asimame wapi. Wengine wakajaza majani, nguo na miamba. Ukilijua hilo, hutashangaa ukikuta tembo aliyechorwa kwa ustadi mkubwa karibu na mti uliochorwa kwa haraka.

Mnyama

Hatua ya kwanza ni kumtambua. Waandishi wa kasri waliandika Kiajemi, na katika lugha hiyo neno sher liliweza kumtaja simba au chui milia, hivyo maandishi peke yake hayatoshi. Picha ndiyo inayokata shauri. Tafuta milia, au tafuta singa za shingoni. Simba wa India ana singa chache kuliko simba tuliozoea kumwona Serengeti, na leo hii porini anaishi katika jimbo la Gujarat peke yake, hasa katika eneo la Gir. Swala anayeonekana mara nyingi kuliko wote ni yule wa India ambaye dume lake lina mgongo wa rangi nyeusi, tumbo jeupe na pembe ndefu zilizosokotwa. Jike lake ni la rangi ya hudhurungi na halina pembe kama hizo. Nilgai ni mkubwa zaidi, mwenye umbo linalofanana na la mnyama aitwaye pofu, na dume lake lina rangi ya kijivu kinachoelekea buluu, ndiyo maana jina lake kwa Kihindi lina maana ya ng'ombe wa buluu. Faru naye yupo: Babur, babu yake Akbar, aliwawinda karibu na Peshawar, na picha za kitabu cha maisha yake zinaonyesha jambo hilo, mahali ambapo leo hakuna faru hata mmoja.

Ukimwona duma, usimhesabu upesi miongoni mwa wanaowindwa. Angalia shingo yake. Akiwa na ukosi, au akiwa amefungwa kitambaa machoni na kupakiwa juu ya mkokoteni, huyo ni mwindaji wa mfalme. Duma walikamatwa porini wakiwa wakubwa, wakafunzwa, kisha wakapelekwa uwandani macho yakiwa yamefunikwa hadi swala alipoonekana. Jahangir, mwana wa Akbar, aliandika kwamba baba yake alikuwa amekusanya duma 1,000. Mmoja wao aliyeitwa Chitr Najan alipata heshima isiyo ya kawaida mwaka 1572 karibu na Sanganer, baada ya kuruka korongo pana akimfukuza swala na kumkamata ng'ambo: Akbar alimpandisha cheo na kuamuru ngoma ipigwe mbele yake kila alipopelekwa. Mtu anayesoma habari hii leo huku akijua kwamba duma wa India alitangazwa kutoweka mwaka 1952, na kwamba duma wengine waliletwa katika hifadhi ya Kuno kutoka Namibia na Afrika Kusini kuanzia mwaka 2022, atayatazama madoa ya mnyama huyo katika karatasi kwa jicho jingine kabisa.

Baada ya kumtambua mnyama, mtazame anavyokufa. Ninajua si jambo la kupendeza, lakini ndipo ustadi ulipo. Chukua picha ya mwaka 1561 ya Akbar na chui milia jike, iliyosanifiwa na Basawan, mmoja wa wachoraji wakubwa wa karakana ile. Tukio lilitokea karibu na Narwar, mfalme akirudi Agra kutoka Malwa akiwa kijana wa miaka 18. Chui milia jike alitokeza njiani pamoja na watoto watano. Akbar akamwua kwa pigo moja la upanga, na watoto wakauawa na watu wa msafara. Kwa Abu'l Fazl hiyo ni habari ya ushujaa, naye anaieleza hivyo. Basawan hakupingana naye hata kidogo, kwa kuwa mfalme yupo na upanga wake upo. Lakini ukiikuza picha utaona kwamba mchoraji alitumia muda mwingi katika ile patashika ya miili, wanyama na watu wakiwa wameshikana, hata habari ya mtu mmoja ikawa habari ya wengi wenye hofu.

Bingwa wa wanyama katika zama zilizofuata alikuwa Mansur, ambaye Jahangir alimpa lakabu ya Nadir al-Asr. Hapa tena Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa nadra na asri tunazo: yeye ndiye mtu adimu wa zama zake. Mansur alianza kazi katika karakana ya Akbar, na baadaye akachora wanyama mmoja mmoja kwa amri ya Jahangir. Mmoja wao ametoka upande wetu wa dunia. Mwaka 1621 mfalme aliletewa pundamilia aliyetoka Uhabeshi, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mnyama wa namna hiyo, watu walishuku kwamba ni farasi aliyepakwa milia kwa rangi, hadi walipomchunguza wakaona kwamba ndivyo Mungu alivyomwumba. Picha hiyo ipo katika makumbusho yaleyale ya London. Ninashauri kila anayejifunza kusoma picha za mawindo aitazame kwanza, kwa sababu sisi tunamjua pundamilia. Tunaweza kuupima uaminifu wa mchoraji kwa mnyama tunayemfahamu, kisha tukampa imani kiasi kile katika wanyama tusiowafahamu.

Ni mawindo ya namna gani?

Sasa panua jicho. Tafuta mpaka: je, kuna uzio, duara la watu, nyavu, au ulingo? Kila mbinu ya kuwinda ina umbo lake katika karatasi, na ukilitambua umbo utajua nguvu kiasi gani ilitumika.

Duara ni dalili ya qamargha, mbinu iliyotoka kwa Wamongolia. Wakurupushaji kwa maelfu walitandazwa kuzunguka eneo kubwa, wakapiga kelele na kusogea ndani kidogo kidogo, siku baada ya siku, hadi wanyama wote wakasongamana mahali pamoja. Qamargha maarufu kuliko zote ni ile ya mwaka 1567 karibu na Lahore. Mchoraji Miskina aliisanifu katika kurasa mbili, nami sijui picha nyingine inayoeleza nguvu ya dola kwa uwazi zaidi. Uzio umezunguka, ndani yake swala na wanyama wengine wanakimbia kwa kuparamiana, na hakuna wa kutoka, Akbar yupo juu ya farasi ndani ya uzio. Mfalme aliwinda kwanza kwa siku kadhaa, kisha wakubwa wakaruhusiwa, kisha wa chini yao. Zamu hiyo ndiyo ngazi ya vyeo yenyewe.

Ukiwa umefika hapo, mtafute mtu aliyepandishwa punda. Yupo, na wengi humkosa. Jina lake ni Hamid Bakari, mtu wa kasri aliyekosa, akanyolewa kichwa na kutembezwa juu ya punda mbele ya watu palepale uwandani. Miskina angeweza kumwacha. Alimweka kwa kuwa hadhira ya picha hii ilipaswa kuona mambo mawili kwa mara moja: uwezo wa mfalme juu ya wanyama na uwezo wake juu ya watu wake. Kwa maoni yangu, huyo mtu juu ya punda ndiye ufunguo wa picha nzima.

Palipo na tembo na nyavu, huenda unaona mawindo ya simba. Hayo yalikuwa haki ya mfalme. Daktari Mfaransa François Bernier, aliyeishi katika kasri ya Aurangzeb, mjukuu wa Jahangir, katika miaka ya 1660, anaeleza jinsi simba alivyotayarishwa: punda walifungwa, mmoja baada ya mwingine, karibu na mahali simba alipokaa, na yule wa mwisho alilishwa kasumba ili nyama yake imtie simba usingizi, kisha nyavu zikatandazwa, mfalme akaja juu ya tembo. Bernier anaongeza kwamba kumwua simba kulihesabiwa kuwa fali njema, na simba akiponyoka ilikuwa fali mbaya kwa dola. Habari hii haimo ndani ya picha, na mchoraji wa kasri asingethubutu kuitia. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba picha isomwe pamoja na maandishi ya watu waliokuwapo.

Palipo na mtu anayekwenda kwa miguu, amevaa kijani, ameshika bunduki ya utambi, na karibu yake kuna swala au nilgai aliyetulia bila woga, hayo ni mawindo ya kunyemelea. Mnyama aliyetulia ni wa kufugwa, aliyefunzwa kuwavuta wenzake. Rangi ya kijani ni ya kujificha, ingawa miongoni mwa Warajput, koo za watawala wa Kihindu wa Rajasthan, ilikuwa na maana zaidi: katika mawindo ya majira ya kuchipua yaliyoitwa aheria, mtawala wa Mewar, mojawapo ya falme zao, aliwagawia watu wake nguo za kijani, mnajimu akachagua saa ya kutoka, na nguruwe mwitu akawindwa kwa heshima ya mungu wa kike Gauri.

Na palipo na ulingo juu ya miti, msitu mzito na miamba mikali, bila shaka umefika Kota, katika Rajasthan ya kusini mashariki. Tutairudia.

Mfalme

Sasa unaweza kumtazama. Ili kumtambua, anza na kidevu. Akbar na Jahangir wana masharubu bila ndevu. Shah Jahan, mwana wa Jahangir, na Aurangzeb wana ndevu. Duara la nuru nyuma ya kichwa lilizoeleka kuanzia wakati wa Jahangir, baada ya picha za Ulaya kufika katika kasri, kwa hiyo usilitafute katika Akbarnama. Tazama pia vazi la juu linalofungwa kwapani: kwa desturi ya kasri Waislamu walilifunga upande wa kulia na Wahindu upande wa kushoto, na tofauti hiyo ndogo hukuambia mengi kuhusu nani alikuwa karibu na nani.

Katika picha kubwa za Udaipur, mji mkuu wa Mewar, anayeanza hupata tatizo jingine: anamwona mfalme zaidi ya mmoja. Wote ni mtu yuleyule. Katika picha za wakati wa Maharana Sangram Singh wa Pili, aliyetawala kuanzia 1710 hadi 1734, mchoraji aliweza kumwonyesha mtawala akiwasili, akimfukuza nguruwe mwitu, kisha akipumzika, yote katika karatasi moja. Fuata duara la nuru kutoka mahali hadi mahali, nawe utapata mtiririko wa siku nzima. Watu waliozoea kwamba picha ni dakika moja iliyogandishwa huona ugumu mwanzoni, lakini kwa masikio yaliyokua na hadithi za kusimuliwa, njia ya Udaipur ni ya kawaida kabisa.

Kisha chora kwa kidole mstari kutoka kwenye silaha yake hadi kwa mnyama. Jiulize: nani wengine wapo katika mstari huo, na nani angeumia kama mfalme angekosa?

Nani aliyelipa?

Hili ndilo swali ninalolithamini kuliko yote, na mfano wake bora ni wa Anup Rai. Mwaka 1610 Jahangir alikuwa mawindoni, akampiga simba risasi, na simba akawarukia. Kwa maelezo ya Jahangir mwenyewe, Anup Rai, mtumishi wake, alijitia mbele, akang'atwa mikono huku akipambana na mnyama huyo ana kwa ana. Wengine, akiwamo mwana wa mfalme Khurram, wakaja na panga. Jahangir akampa Anup Rai lakabu ya kuwa mvunja simba. Katika maandishi ya Jahangir, basi, shujaa ni mtumishi.

Mnamo mwaka 1640 hivi, Khurram alikuwa ndiye mfalme, akiitwa Shah Jahan, na kitabu cha habari zake, Padshahnama, kilikuwa kikitengenezwa. Mchoraji Balchand akalichora tukio lilelile. Anup Rai yupo chini, simba yupo juu yake, na Khurram anakuja na upanga kumwokoa. Hakuna uongo katika hilo, kwa kuwa Khurram alikuwapo na alipiga. Lakini uzito umehama. Miaka 30 imepita, bwana wa karakana amebadilika, na mtumishi aliyekuwa mwokozi amegeuka kuwa mwokolewa. Kitabu hicho kipo Windsor, Uingereza, kilikofika baada ya mtawala wa Awadh kukitoa zawadi kwa mfalme George III mwaka 1799. Weka picha ya Balchand mbele yako na maneno ya Jahangir kando yake, usome hiki kisha hiki. Sijui zoezi jingine linalofunza zaidi.

Kota inatoa somo la aina tofauti. Umed Singh, mtawala wake, alirithi kiti akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, na ingawa alihesabiwa kutawala hadi 1819, madaraka yalikuwa mikononi mwa waziri wake Zalim Singh. Mfalme akabakiwa na mawindo. Wachoraji wake, akiwamo Shaykh Taju, walichora mawindo ya chui milia kwa wingi, na katika baadhi ya picha hizo mfalme na waziri wapo pamoja ulingoni, bunduki zimeelekezwa chini, huku nyati wa chambo amefungwa mahali wazi. Miamba imechorwa kwa mistari inayojikunja kama mwili wa mnyama, miti imesongamana, na watu ni wadogo kiasi kwamba inabidi kuwatafuta. Wapo wanaosema kwamba huo ni mtindo wa Kota tu. Mimi huona pia habari ya mfalme aliyekuwa mkubwa msituni kuliko barazani, na sioni kwamba ninaizidishia picha chumvi.

Usiwasahau wanawake. Jahangir aliandika kwamba mwaka 1617 mkewe Nur Jahan aliwaua chui milia wanne kwa risasi sita, akipiga kutoka juu ya tembo, ambaye hatulii anaponusa mnyama huyo. Mume akamtunuku bangili za almasi. Mchoraji Abu'l Hasan alimchora malkia huyo akiwa amesimama na bunduki yake, na picha hiyo ipo katika maktaba ya Raza huko Rampur. Hakuna mnyama ndani yake. Bunduki peke yake ilitosha.

Abu'l Hasan huyohuyo alichora picha nyingine inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Jahangir amesimama juu ya tufe la dunia, amevuta upinde, na anachoma mshale kichwa kilichokatwa cha Malik Ambar kilichotundikwa juu ya mkuki. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi, akauzwa utumwani, akafika India akapanda hadi kuongoza majeshi ya Ahmadnagar, ufalme wa nyanda za Dekani, dhidi ya Wamughal. Jahangir hakuwahi kumkamata. Malik Ambar alifariki kwa uzee mwaka 1626, na picha ilichorwa miaka kumi hivi kabla. Kwa umbo ni picha ya mawindo: mwindaji, silaha, shabaha. Mfalme alimwinda katika karatasi mtu ambaye uwandani alimshinda. Ipo katika maktaba ya Chester Beatty huko Dublin, na anayetaka kuelewa kwa nini wafalme hawa walipenda kuchorwa wakilenga shabaha anapaswa kuiona.

Ukiwa mbele ya karatasi yenyewe

Ukibahatika kufika makumbusho, uliza kabla ya kwenda kama picha unayoitaka imetolewa, kwa kuwa mwanga huharibu rangi hizi, hivyo hazionyeshwi muda wote. Beba kikuza-maono cha mkononi. Usisimame mbele tu. Sogea kando kidogo, uinamishe kichwa, utazame kwa mshazari. Karatasi ilitengenezwa kwa kugandisha kurasa kadhaa pamoja, kisha ikasuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ikang'aa, na dhahabu iliyopakwa juu yake huwaka tu ukiwa katika pembe inayofaa. Buluu nzito yaelekea ni ya jiwe la Badakhshan lililosagwa. Mistari ya manyoya ilipigwa kwa brashi ya nywele za mkia wa kuchakuro, nyembamba kiasi kwamba mchoraji alilazimika kuzuia pumzi.

Ukirudi nyumbani, ifungue tena ile picha ya Basawan. Weka kidole gumba juu ya Akbar, umfunike kabisa. Sasa watafute watoto wa chui milia aliowataja Abu'l Fazl, mmoja mmoja, na uandike katika karatasi kila unayempata: yupo wapi, ameshikwa na nani, na macho yake yanatazama wapi.